Maziwa au Sabuni

Ombui ndiye aliyemwambia Mariam aache kuchemsha. Yeye alikuwa mpimaji wa maziwa katika chama kimoja cha wakulima karibu na Ekerenyo. Mariam alikuwa na hoteli ya chai Keumbu, akinunua maziwa ya pakiti ya chama hicho. Kila Ombui alipomkuta ameyabandika motoni tena, alimtania kwamba anaua wafu: vijidudu vilikwisha kufa kiwandani. Mariam alimwita daktari wa pakiti, akacheka, akaamini. Binti yake Laila, aliyekuwa mjamzito, akawa anayanywa baridi.

Mimba ilipoharibika, hospitali ilisema ni brusela, ugonjwa wa maziwa mabichi.

Ombui hakubisha. Alirudi maabara. Maziwa mabichi yana kimeng'enya kinachogeuza dawa ya kupimia kuwa njano. Joto linaloua vijidudu hukiua nacho pia, na rangi haitokei. Alipima maziwa yaliyokamuliwa asubuhi ile. Hayakugeuka.

Kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila chembe za zinki zilizomo ndani yake. Zikinyofolewa, hulala kama kilichopikwa. Na sabuni aliyolowekea mirija ya kupimia ili kutoa ukoko wa maziwa ilikuwa na kemikali inayonyofoa madini ya namna hiyo. Maji ya bomba yalikuwa yakidondoka tu, naye akisuuza mara moja, sabuni ikabaki. Alichukua mrija mpya: njano ya ndizi mbivu. Akapima maziwa yaliyotoka kwenye mtambo wa kuyapasha joto: njano vilevile. Kipimajoto cha mtambo kilikuwa kikidanganya, na kipimo cha Ombui kikakiunga mkono.

Kanuni ilitaka kila asubuhi apime kwanza maziwa mabichi, yawe shahidi. Aliacha kwa sababu shahidi huyo hakuwahi kukosea.

Alimweleza Mariam yote, zinki, mirija na bomba, bila kujitetea. Mariam alisikiliza akipangusa meza moja tena na tena.

"Kwa hiyo, Ombui, wakati huo wote ulikuwa ukipima maziwa ama sabuni?"

"Sabuni, Mama Laila."

Mariam alibandika sufuria ya maziwa. Laila alichungulia kutoka chumba cha nyuma, akamwona Ombui, akafunga mlango. Maziwa yakafura, yakaanza kumwagika juu ya makaa. Ombui akanyoosha mkono ayaepue.

"Yaache," Mariam alisema. "Bado."