Kisiwa cha Boti ya Alhamisi

Miaka kumi na mmoja nawatafutia maharusi hoteli za fungate, na nawajua kwa kugombana: huyu anataka bwawa, yule anataka mlima. Hawa wawili hawakugombana hata kidogo.

Binti aligusa picha ya hoteli ya ufukweni iliyojaa watu. Mchumba wake akakifunga kile kitabu cha picha taratibu.

"Mwenzangu anapenda kimya."

Nikamuuliza binti mwenyewe. Akajibu tena mchumba wake: "Nimeshasema, dada. Tunataka kile kisiwa chenu cha mbali. Boti Alhamisi kwa Alhamisi, na simu hazishiki."

Nilitaka kumuuliza kama na mdomo wa binti wa watu keshautolea mahari. Bahati yake simu iliita, akatoka nje kupokea.

Binti akanishika mkono. 

"Dada yangu, nakuomba. Akirudi mwambie kumejaa."

Aliporudi nilimdanganya kwa macho makavu. "Pole, kaka. Nimeangalia kwenye kompyuta. Kisiwani kumejaa mpaka mwisho wa mwezi ujao."

Hakukasirika. Alisogeza kiti karibu na mchumba wake, akamwekea mkono begani.

"Ajabu," alisema, akitabasamu. "Walionipigia sasa hivi ni hao hao wa kisiwani, kutoka ofisi yao ya mjini. Chumba chetu kipo."

Kisha akamgeukia binti, akamuuliza kwa sauti ya upole, kama anayembembeleza mgonjwa:

"Umemwambia nini dada wa watu?"