Nyota za Hoteli ya Gatwiri
Wageni waliotafuta chakula Githongo kwa simu waliiona hoteli ya Gatwiri haina nyota, wakapita tu. Basi akawaomba akina mama wa kanisa wamsaidie. Wiki ikaisha, kumi na wawili wamempa nyota moja moja, na wageni wamekatika kabisa.

Akamwendea mwenyekiti wao, Mama Kiende, akiwa amefura.

“Kitendawili!”

“Tega.”

“Ameusifu mukimo wangu, kisha akanipa nyota moja katika tano.”

“Si ni mimi! Wewe ni nambari moja. Ulitaka tukuweke wa tano, wengine wanne wakupite?”

Gatwiri akashika kichwa. “Mama Kiende, bonyeza zote tano!”

Akabonyeza kwa huzuni. “Haya. Lakini nikiulizwa kanisani, nitasema umejishusha mwenyewe.”