Fimbo Tano za Fungate

Kama kuna mtu aliyestahili kwenda kisiwani akakaa tu, basi ni Hajarah wa Nabuyonga. Miaka nenda miaka rudi amewapikia watu wa Mbale katika hoteli yake ndogo, na mwisho wa siku yeye mwenyewe hula akiwa wima, sahani mkononi, jicho kwenye sufuria. Tangu afiwe na mumewe, hakuna aliyewahi kumwandalia hata kikombe cha chai. Kwa hiyo Isiko wa Jinja alipokuja kumposa na kusema kwamba baada ya ndoa atampeleka fungate kwenye visiwa vya Ssese, Hajarah hakuuliza habari za mahari. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Huko nitakaa?"

"Utakaa mpaka uchoke kukaa," Isiko akamjibu.

Wallahi, kwa neno hilo angeolewa hata na nguzo ya umeme.

Huyu Isiko ni mgane, anauza vipuri vya pikipiki, nyumba yake iko Mpumudde. Yeye Msoga, Hajarah Mgisu, na hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, basi wakaposana kwa Kiswahili, lugha ya wanajeshi enzi zile, ambayo wazee wa mitaani kwao wakiisikia bado hugeuka kutazama kama kuna askari nyuma. Senga Jaliah, shangazi yake Hajarah aliyeisimamia posa tangu mwanzo, alisema lugha si hoja. Mwanamume halewi, hana mke mwingine, bati la nyumba yake ni jipya, sasa unataka nini tena?

Harusi ilipangwa Ijumaa. Jumanne Isiko akampigia simu Hajarah aje Jinja, wakachague pamoja vifaa vya kuvulia samaki. Hajarah alifurahi mno. Samaki hana haja naye, lakini alishajiona ameketi kando ya maji, miguu ndani, fimbo yake mkononi na mumewe pembeni na fimbo yake. Alitaka ule mkao.

Duka lilikuwa la Bakhit, Mnubi mmoja mwenye tumbo kubwa na subira kubwa zaidi.

"Karibu bwana Isiko. Mama, karibu ndani. Nyinyi nakwenda kushika nini? Mputa ama kambale?"

"Yote," Isiko akasema.

Bakhit akaeleza kwamba mputa, yaani sangara, anataka fimbo ndefu yenye gurudumu na mshipi usiokatika ovyo. Kambale hana makuu, fimbo ya mwanzi inatosha, na chambo chake hata kipande cha sabuni ya mche. "Sabuni iko muzuri, mama. Hapana chafua mikono."

"Sabuni ni ya wavivu," Isiko akadakia. "Kambale nataka kitu ya kunuka." Kisha akaanza kuzipima fimbo, akizikunja na kuzipeperusha hewani, akaweka kando moja, mbili, tatu, mpaka tano.

Hajarah akacheka. "Mbona nyingi? Sisi si tuko wawili?"

"Hii yangu. Hizi za kina Gordon. Marafiki wangu wanne, nakuja kule Jumamosi."

"Kwenye fungate?"

"Kisiwa ni kikubwa!"

"Na yangu?"

Isiko alimtazama kana kwamba ameombwa bunduki. "Wewe fimbo ya nini?" Akanyoosha mkono, akachukua kisu cha kupaa samaki na beseni la bluu, akamsukumia. "Yako hii. Mimi nimewaambia, mke wangu ni mpishi wa Mbale nzima. Watakula mpaka wasahau kwao."

Dalili ya mvua ni mawingu, na haya yalikuwa meusi. Lakini msimcheke Hajarah kwa kutoondoka pale pale. Alikuwa anaogopa. Aliogopa chumba chake kilivyo kimya baada ya hoteli kufungwa, aliogopa kuzeeka humo bila mtu wa kumwambia hata pole. Akajidanganya kwamba siku moja atapaa samaki, siku ya pili atakaa. Akalishika beseni.

"Sasa chambo," Isiko akasema, akatoka nje kwenye pikipiki yake. Alirudi amekumbatia hotpoti ya maua, ile ile ambayo Hajarah alimpelekea pilau siku ya Idi. Uso wake ulijaa furaha. "Chombo ya mtu hapana rudi tupu, sivyo?"

Akaifungua.

Yalikuwa matumbo ya kuku. Yalikuwa matumbo ya kuku tangu lini, Mungu ndiye ajuaye, maana yalishakuwa ya kijani, yanatoa mapovu, na juu yake funza wanene walikuwa wanapandana. Hotpoti hutunza joto, Isiko alieleza kwa fahari, ndiyo maana yanaiva vizuri hivyo. Harufu ikampiga Hajarah kooni. Alikimbilia mtaroni akatapika chai yote ya asubuhi, akatapika na nyongo, akashika ukuta.

"Funga hiyo kitu!" Bakhit alifoka. "Wateja natoroka!" Akamletea mama wa watu maji ya kusukutua.

Isiko alikuwa anacheka hadi machozi. "Ukipenda boga, penda na ua lake! Utazoea, Hajarah. Hata marehemu mke wangu alianza hivyo hivyo, kutapika tapika. Mimi namwachia chambo yote. Anakata, anatia kwa ndoana, mimi navua. Akazoea. Mwisho hapana sikia harufu tena, hata ya chakula." Alitikisa kichwa kwa mapenzi. "Mwanamke mzuri sana yule."

Akaifunika hotpoti, akajipangusa vidole kwenye suruali, akatoa mfukoni kabalagala, ile mandazi ya ndizi, akaimega kwa vidole hivyo hivyo na kumpa Hajarah nusu.

Hajarah akautazama ule mkono. Matumbo ya kuku yangeoshwa yakaisha, lakini mtu huyu hakuna maji ya kumwosha. Alimchukia ghafla, kucha, meno, kicheko, vyote. Akachukua mkoba wake, akamuaga Bakhit kwa heshima, akaondoka. Isiko alimwita mara mbili, kisha akarudi kupatana bei.

Hajarah alipofika stendi akampigia senga simu, wakaongea Kigisu chao.

"Hakuna harusi, senga."

"Nini? Watu wa Nakaloke nimeshawaalika! Amekupiga?"

"Hapana."

"Umekuta ana mke?"

"Hapana."

"Amelewa?"

"Hapana, senga."

"Sasa wewe mtoto, kosa lake nini? Nikawaambie watu nini mimi?"

Hajarah akatema mate kando. Mdomo ulikuwa bado mchungu kwa nyongo.

"Waambie bado nasikia harufu," akasema. "Nikiolewa kule, nitaacha kuisikia."