Mzazi Aliyenyimwa Mtori

Bakuli lilikuwa limeshafika mdomoni. Hilo ndilo lililomuuma Flavia kuliko yote. Wangelizuia kulekule jikoni, angesema haya, sijaliona, sijalinusa. Lakini wifi yake Pamela alisubiri mzazi alishike bakuli kwa mikono miwili, apulize, avute harufu ya ndizi zilizopondeka na nyama ya mbuzi, ndipo akaingia chumbani na simu yake, akalichukua.

"Hapana, wifi. Mtori nao basi."

"Mtori nao umefanya nini?"

"Ndizi zina histamini," Pamela alisema, na neno lenyewe alilitamka kwa raha zake. "Zinaamsha pumu ya ngozi. Nimesoma."

Sasa jamani, mwambie mtu yeyote wa Kibosho kwamba mzazi kanyimwa mtori, halafu umtazame usoni. Mzazi huku mlimani halali njaa. Anakaa ndani miezi mitatu, hashiki jembe, hashiki ndoo. Kazi yake ni kula, kulala na kunyonyesha, na mama mkwe ndiye anayemlisha mtori, supu, maziwa mgando na siagi mpaka aombe poo. Siku akitolewa nje anatakiwa ang'ae mashavu, watu waseme huyu kweli wakwe wamemlea. Flavia alikuwa na mwezi na nusu ndani, na gauni alilotoka nalo hospitali lilikuwa linamvuka mabegani.

Ilianza kidogo kidogo. Siku chache baada ya kujifungua, muwasho ulimpanda kwenye viwiko, nyuma ya magoti na shingoni, kisha vidole vikaanza kupasuka. Hakushtuka. Pumu ya ngozi alikua nayo. Ilimtesa utotoni ikamwacha, ikamrudia chuoni wakati wa mitihani, ikaondoka tena. Alijua itapita. Safari hii haikupita, na Pamela, aliyekuja likizo kumsaidia mama yake, akazama kwenye simu. Akakataza maziwa. Halafu siagi. Halafu mayai, karanga, nyama ya ng'ombe, na samaki ambao hata hivyo humo ndani hawakuwapo. Kila chakula kilipoondoka, ngozi ilibaki vilevile au ikazidi, na Pamela, badala ya kusema labda nimekosea, alitafuta kingine cha kuondoa. Ukimkuta mtu wa namna hiyo, utabisha mpaka koo likauke.

Mama Lukresia, mama mkwe, hakuwa mtu mbaya. Roho ilimuuma kumpelekea mzazi ugali na mchicha usio na mafuta. Lakini Pamela ndiye msomi wa nyumba, na msomi akishasema nimesoma, mama atabisha kwa lipi? Kilichobaki mikononi mwake ni maji. Hayo hakuna aliyemwingilia. Asubuhi na jioni aliinjika sufuria kubwa kwenye mafiga, akatia majani ya mwarobaini aliyoletewa kutoka Chekereni, akamimina dawa ya kuua vijidudu mpaka maji yakawa meupe, kisha akamkanda mkwewe kwa kitambaa na kipande cha sabuni ya kufulia. Maji ya kumkanda mzazi lazima yafuke. Ndivyo alivyokandwa yeye, na ndivyo alivyowakanda wake za shemeji zake wote.

Na Flavia aliyapenda hayo maji! Yakigusa tu ngozi, muwasho ulikuwa unanyamaza, raha inamshika hadi anafumba macho. "Ongeza, mama," alikuwa anasema. "Ongeza ya moto." Mama mkwe anafurahi, anaongeza. Kisha anamfunika blanketi zito la sufu karibu na moto ili asipigwe na baridi. Hapo haupiti muda, muwasho unarudi kwa nguvu mpya, na Flavia anajikuna mpaka anatoka damu. Asubuhi Pamela anatazama shuka lenye damu na kuuliza, "Jana ulikula nini?"

Nini! Angekula nini, naye hakuna kilichobaki?

Siku hiyo ya mtori, Pamela hakuishia kwenye bakuli. Alirudi chumbani na kopo la maziwa ya unga na chupa mpya ya kunyonyeshea, akaviweka kitandani.

"Nimeongea na mama," alisema. "Kuanzia Jumatatu Wenseslaus atalala chumba cha mama. Mtoto ananyonya ugonjwa, wifi. Na maziwa yako yenyewe si yamekauka? Kutwa analia."

Mtoto alipewa jina la marehemu babu yake, kama ilivyo desturi mtoto wa kiume wa kwanza, na Mama Lukresia hakumwita jina jingine ila Mzee. Mzee kaamka, Mzee kacheua, nyamazeni Mzee amelala. Flavia alimtazama mwanawe ubavuni pake, akamvuta karibu.

"Yamekauka kwa sababu mnaninyima chakula!"

"Usipandishe sauti, utamwamsha."

Flavia akampigia mumewe. Sylvanus alikuwa na duka la vipuri Bomang'ombe na alirudi nyumbani mwisho wa wiki tu. Alisikiliza, akakohoa, akasema, "Sikilizaneni tu huko, mama Wense. Pamela kasoma."

"Kasoma uhasibu!" Flavia alipiga kelele, akakata simu. Akalia kwa hasira, na chozi lilipofika shingoni kwenye ngozi iliyochubuka lilimchoma, hasira ikazidi.

Kulipokucha alimnyonyesha mtoto kwa muda mrefu kuliko kawaida, akamlaza, akavaa viatu. Mama Lukresia alikuwa uani anashusha majani ya ng'ombe kichwani.

"Shikamoo, mama. Nakwenda hospitali Moshi. Mtoto kanyonya, kalala. Naomba msimpe chupa mpaka nirudi."

Mzigo wa majani ulianguka wenyewe. "Ruwa, Mungu wangu! Unakwenda wapi? Hujatolewa!"

"Nimejitoa."

Angeondoka na mwanawe, lakini kumpandisha kichanga kwenye pikipiki kwenye ile barabara ya mawe asingethubutu. Akajifunika khanga kichwani, akashuka na bodaboda. Wanawake waliokuwa wanakwenda kuchuma kahawa walisimama kando ya njia, midomo wazi, wanamtazama mzazi wa kwa Lukresia akiruka ruka nyuma ya dereva. Watazame mpaka wachoke, alisema moyoni. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kunyimwa mtori.

Kwenye kliniki ya ngozi alisubiri mpaka jua likawa la utosi. Daktari Aikaeli, mama mfupi mwenye miwani, alimgeuza mikono, akaangalia viwiko na shingo. Flavia alikuwa amejiandaa kuulizwa vyakula. Akaulizwa kingine.

"Unaoga maji gani?"

Akaeleza yote, mwarobaini, dawa, sabuni, mvuke, tena kwa kujivuna kidogo, maana hiyo ndiyo huduma pekee aliyokuwa anaipata kama mzazi mwenzie yeyote. Daktari akavua miwani.

"Na ukishakandwa unasikia raha."

"Sana."

"Kisha muwasho unarudi mara mbili."

Flavia akaitazama mikono yake.

"Maji ya moto yanaudanganya muwasho kwa dakika chache, halafu yanakuondolea mafuta ya ngozi yote. Hiyo dawa ya vijidudu na sabuni vinamalizia. Ukitoka hapo unafunikwa sufu inayokuchoma na joto linalokutoa jasho. Ngozi kama yako itapona saa ngapi?" Akamkazia macho. "Na mbona umekonda hivi? Unanyonyesha kweli?"

Flavia akamtajia alivyokatazwa, kimoja baada ya kingine. Daktari alisikiliza huku uso unabadilika.

"Ukila yai midomo inavimba? Unatapika? Vipele vinakutoka hapohapo?"

"Hapana."

"Maziwa? Karanga?"

"Hapana. Nimekula maisha yangu yote."

"Basi vimekukosea nini? Wapo watu wazima ambao chakula huwaamshia pumu ya ngozi, lakini ni wachache, na hao tunawachunguza chakula kimoja kimoja, tukiwaangalia. Hatufagii jiko zima! Tena kwa mama anayenyonyesha! Nani alikuambia?"

"Wifi yangu."

"Ni nesi?"

"Mhasibu."

Daktari alivuta pumzi ndefu. Akamwandikia dawa ya kupaka kwenye madonda, akamwonya asiifikishe kwenye chuchu. Aoge maji ya uvuguvugu, haraka, kwa sabuni isiyo na manukato. Ngozi ikiwa bado na unyevu, apake mafuta mazito ya mgando, ayapake mengi. Sufu isimguse. Alale. Apunguze hasira.

"Hasira nazo zinawasha?"

"Sana. Hizo na kukosa usingizi."

"Basi hapo, daktari, umenipa kazi," Flavia alisema, na wote wawili wakacheka bila furaha. Kisha akauliza lililomleta. "Mtoto ataambukizwa? Kwa maziwa?"

"Haiambukizi. Si kwa kugusa, si kwa kunyonya. Anaweza kuirithi kama anavyoweza kurithi pua yako, na hilo lilishaamuliwa tumboni. Nenda kale, ukanyonyeshe. Kadiri anavyonyonya ndivyo maziwa yanavyokuja."

Alipotoka nje, Flavia alisimama kwenye ngazi akashindwa kwenda. Alifikiri angefurahi, kumbe hasira ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Alimkasirikia Pamela na simu yake, akamkasirikia Sylvanus na kikohozi chake. Akajikasirikia yeye mwenyewe kuliko wote, yeye aliyekuwa anafumba macho na kusema ongeza, mama. Akaingia kwa mama ntilie wa jirani, akala wali na maharage na nyama, akaongeza sahani, akashushia maziwa ya moto, watu wakimtazama. Aliposimama, matiti yalikuwa yameanza kuuma. Yalikuwa yamejaa. Kwa wiki nyingi hayakuwa yamejaa hivyo.

Njiani juu, kila pikipiki iliporuka jiwe, maumivu yalimpanda hadi kwapani. Blauzi ililowa. Hakujifunika. Nampelekea mwanangu, alikuwa anajiambia, nampelekea.

Pamela alikuwa barazani, miguu juu ya stuli, chupa mkononi. Ilikuwa tupu.

"Umeona, wifi?" alisema kwa sauti tamu. "Kamaliza yote. Kalala fofofo. Leo hajalia hata kidogo."

"Nilisema msimpe."

"Ungemwacha mtoto afe njaa? Umepotea kutwa!"

"Nilisema msimpe!" Sauti ilimtoka mpaka kuku wakatawanyika. "Umeninyima maziwa, umeninyima mayai, umeninyang'anya bakuli mdomoni, na haikuwa chakula, Pamela! Daktari amesema haikuwa chakula hata siku moja! Ni yale maji!"

Mama Lukresia alikuwa ametokea mlangoni. "Maji gani?"

Flavia alitamani asingelisema hivyo, lakini lilishatoka. "Maji ya kukanda, mama. Ni ya moto mno kwa ngozi yangu, daktari anataka ya uvuguvugu. Na ile dawa, na sabuni."

"Maji yangu?" Bibi kizee akashika fremu ya mlango. "Nimekanda wazazi wa ukoo huu wote. Nani aliungua?"

"Hakuna, mama. Hawakuwa na ngozi hii. Na mimi ndiye niliyekuwa nasema ongeza. Sikulaumu. Lakini mngeniuliza! Mngenipeleka hospitali kabla hamjanifanya mateka humu ndani!"

"Haya, tuseme ni maji," Pamela akaingilia. "Maziwa yamekauka hata hivyo. Sasa tunagombania nini?"

Flavia alifungua vifungo vya blauzi palepale barazani, vidole vilivyopasuka vikishindwa na kifungo cha mwisho. Hakulazimika hata kukamua. Maziwa yalichirizika tumboni, yakadondoka kwenye sementi, tone juu ya tone, yakafanya kidimbwi kati ya viatu vyake. Alisimama yakimwagika, akilia kwa uchungu na kwa hasira, maana kila tone lilikuwa la mtoto aliyeshibishwa kopo.

Mama Lukresia alizaa wanane, akawanyonyesha wote. Aliinama, akaangalia pale sakafuni kwa muda.

"Uliniambia yamekauka," alimwambia binti yake.

"Mama, yalikuwa yamekauka, mimi mwenyewe nimesoma kwamba..."

"Uliniambia yamekauka!"

Akageuka, akaingia ndani. Katika nyumba ile hakuna aliyethubutu kumwamsha Mzee akilala. Hata Sylvanus alikuwa anavua viatu akipita. Wakasikia kitanda kinalia, kisha sauti ya bibi: "Amka, Mzee. Amka baba, mama yako amerudi." Mtoto akapiga ukelele wa kuvunjiwa usingizi. Bibi akatoka naye, uso wake umekunjamana, akamweka mikononi mwa Flavia.

"Mnyonyeshe."

Kwanza mtoto alikataa. Aligeuza kichwa, akasukuma kwa ngumi, tumbo limejaa. Flavia akamgusisha tena. Tone likamwangukia mdomoni. Akalamba, akanyamaza, akatafuta, kisha akashika kwa nguvu hata mama yake akauma meno kwa maumivu.

"Na hili kopo je?" Pamela aliuliza, kwa unyonge sasa. "Si limeshafunguliwa."

"Kamkorogee ndama," mama yake alimwambia. Kisha akamgeukia Flavia, bila kumtazama machoni. "Hayo maji yenu ya uvuguvugu, utanionyesha kiasi chake."

Flavia aliitikia kwa kichwa. Hakusema asante, na hakusema nimesamehe, maana alikuwa hajasamehe. Alimwangalia mwanawe akimeza, shingo ndogo ikipanda na kushuka, na kila alipomeza, Flavia alikumbuka siku zote mtoto alizolia kwa njaa, hasira ikampanda upya.