Asiye na Mtani Tabora

...chote, nimeshamwambia chote, sasa mbona ananiuliza mara ya pili, maji yake ya sabuni yanashuka nyuma ya sikio na kuingia kwenye kola, "Chote, mwalimu? Hata hapa mbele nisikuachie kidogo?", chote, mzee Abasi, chote, na yeye amesimama na wembe hewani kama mtu aliyesikia hodi kwenye nyumba ya jirani, "Kuna jambo?", hakuna jambo, mzee wangu, ni joto tu, na papo hapo najua nimesema uongo wa kitoto, kwa sababu joto la Tabora nimelikuta na nywele zangu nilikuja nazo, na hatukuwahi kugombana... "Joto," anasema mzee Abasi, si kwangu, kwa ule wembe, anaunoa tena kwenye mkanda wa ngozi uliofungwa kwenye nguzo ya baraza, chwa, chwa, na cherehani ya Omari iko nyuma yangu inakwenda na kusimama, inakwenda na kusimama, na mbele yangu kuna kioo chenye ufa, kalenda ya duka la Mhindi yenye picha ya Malkia mpya, na uso wangu, ambao sitaki kuutazama, kwa sababu tangu jana umekuwa uso wa mama, paji lile lile, nyusi zile zile zinazokutana, sikupata kuliona jambo hilo siku zote alipokuwa hai, nimeliona jana jioni kwenye dirisha la stesheni, nyuma ya bega la Lazaro Mwakatobe.

Lazaro Mwakatobe, dereva wa lori la Mbeya hadi Itigi, mtu wa kwetu Masoko, alipanda treni kuja Tabora kufuata vipuri, akaniona jukwaani nikigawa vijitabu kwa abiria wa Kigoma, akaita "Yoramu!", na mimi nikageuka kwa furaha kabla hata sijajua ni nani, kwa sababu mji huu mzima hakuna anayeniita Yoramu, hata wale niliowatajia jina, mimi hapa ni mwalimu, watoto wananiamkia shikamoo mwalimu, wenye nyumba za Gongoni wanasema karibu mwalimu, kahawa ipo, dini tunayo, na bibi Mwanamkuu aliyenipangisha chumba ananiita mpangaji, mpangaji chakula chako kinapoa, jina langu nililiacha kwa Asegelile Mwangoka, mwenzangu tuliyetumwa naye huku, naye alipougua homa wakampeleka Sikonge hospitalini na kutoka Sikonge wakamrudisha kwetu, akaondoka nalo... "Yoramu, ndugu yangu, pole sana kwa mama," akanipa mkono, na mimi nikasema asante, asante!, mtu akikupa pole unasema asante, ndivyo tulivyolelewa, nikasema na nyumbani hawajambo?, kisha nikauona uso wa Lazaro unabadilika, mkono wake ukabaki ndani ya wangu kama kitu alichokisahau, "Ulikuwa hujui? Nilidhani mzee wako amekujulisha," na baadaye, kwa sauti ya chini, kwamba mzee alikataa, mzee alisimama mbele ya wazee wa kanisa akasema kijana asiambiwe, akiambiwa atarudi, aachwe amalize kazi ya Bwana... "Geuza kidogo, mwalimu," vidole vya mzee Abasi vinanishika kidevu, vigumu, vina harufu ya limau, na wembe unaanza juu ya sikio la kulia, sauti yake kichwani mwangu ni kubwa ajabu, kama ng'ombe anayekula majani karibu na ukuta wa chumba unacholala.

Baba yangu, mzee Andulile Mwaipaja, hakunyoosha mkono kunipiga hata mara moja, kila kitu alikifanya kwa kukaa kimya, na sasa amenifanyia hivi, kwa kukaa kimya, na ubaya wake ni kwamba siwezi kusema alikosea, nilipowekewa mikono kanisani nilisimama mwenyewe nikasema nitakaa Unyamwezi mpaka muda wangu uishe, iwe njaa iwe msiba, nilisema msiba, neno hilo nililichagua kwa sababu lilikuwa na mlio mzuri, na mama alikuwa amekaa upande wa wanawake, safu ya tatu, amevaa shuka ya buluu, akitikisa kichwa kukubali kila neno... "Ngollo, songa, mwachie mzee huyo nafasi," anasema Omari, na sauti nyingine inajibu, "Benchi la babako hili?", ni Ngollo, sikumwona akija, nimeisikia sauti, muuza asali, ameweka madebe yake chini, bati limegonga sakafu, na harufu ya nta imefika hadi hapa, "Mwangaluka, mzee Abasi! Unamchinja nani leo?", "Ninamnyoa mwalimu," "Mwalimu gani, huyu Mnyakyusa? Chote? Usimmalize, mzee, Mnyakyusa akinyolewa kichwa kinakuwa kama ndizi iliyomenywa, watoto wa mtaa wa Ng'ambo watakimbia nayo," na cherehani inasimama, Omari anacheka, mzee Abasi anacheka bila kutikisa mkono, na mimi nakaa nimeinamisha shingo, nywele zinaanguka kwenye shuka aliyonifunga, nyeusi, nyepesi, sikujua kwamba ni nyingi hivi.

Kwetu hunyolewi peke yako, kwetu watoto wa marehemu mnakaa chini pamoja migombani, mkubwa kwa mdogo, shangazi anapita na maji na wembe, na kila mmoja akimtazama mwenzake aliyeanza kunyolewa analia upya, wazee wa kanisa wanasema ni mambo ya zamani lakini wanageuza macho, hata baba aligeuza macho alipokufa bibi, kwa hiyo ndugu zangu wamenyolewa, Ambokile amenyolewa, Subilaga amenyolewa, na nywele zao zimeshaota tena, kati yetu mimi peke yangu bado nilikuwa na nywele ambazo mama aliziona, na leo asubuhi, nilipomaliza kusoma neno la siku na kuanza kuimba, jambo hili ndilo lililonitoa chumbani, kwa sababu huwa naimba sauti ya nne, Asegelile alikuwa na sauti ya tatu, tangu aondoke naimba sauti ya nne peke yangu kila alfajiri na sauti ya nne peke yake si wimbo, ni mtu anayenguruma chumbani, na leo nilinguruma ubeti mmoja nikanyamaza, nikasikia nyumba nzima ilivyo, bibi Mwanamkuu akichochea moto, kuku, mtu akitema mate barabarani, na hakuna hata mmoja aliyejua, ningeweza kutembea siku nzima kutoka stesheni hadi njia ya Kwihara nikibisha kila mlango na wote wangenijibu karibu mwalimu, kahawa ipo... nikisema nitalia, nikilia nitapanda treni ya kwenda Itigi, hilo nalijua kama ninavyojua jina langu, kwa hiyo sisemi, nitanyolewa kwa sababu ya joto, nitamaliza muda wangu, nitarudi Masoko, nitamkuta mzee Andulile amekaa mlangoni, na tutakaa kimya wawili.

"Ngollo, mwache mwalimu, huyo si mtani wako," ni Omari, na Ngollo anamjibu, "Ndiyo shida yake yenyewe! Mzaramo mtani wangu, Mluguru mtani wangu, Mgogo mtani wangu, babu yangu alibeba pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo, akilala kwao, akigombana nao, akizikana nao, sasa hawa wa migombani walikuwa wapi?", tulikuwa kwetu, nasema moyoni, tulikuwa kwenye ukungu wetu na ng'ombe wetu, msafara haukupita kwetu, na mbele ya macho yangu, badala ya kioo, naliona kaburi la Igalula, siku ile ya Bernardo.

Bernardo, Mluguru wa Matombo, mtu wa genge la reli, tuliyekuwa tukimkuta mimi na Asegelile kila tulipokwenda Igalula, alikufa huku, kwao mbali hivyo, hana mke hapa, hana kaka, Modest katekista akaja kusoma sala za Kikatoliki, na watu wa genge wamesimama na kofia mkononi hawajui wafanye nini na nyuso zao, ndipo Ngollo huyu huyu akatokea na madebe yake, akayatua, akashuka kaburini, akalala, akafumba macho, "Pazuri hapa! Mnataka kumpa Mluguru mahali pazuri hivi kwa nini? Mluguru amezoea kulala mteremkoni, hapa tambarare ataanguka," na watu wakacheka, wakacheka kwelikweli, mmoja wa genge akacheka mpaka akashika magoti, kisha akiwa ameshika magoti vile vile akawa analia, nami niliondoka, nilikwenda mbali na kaburi nikasali peke yangu nikimwomba Mungu awasamehe, na jioni stesheni nikamwambia Ngollo huoni haya, akanitazama bila hasira, akasema "Mwalimu, ndugu zake wako Matombo. Leo hapa ndugu yake alikuwa nani? Ninyi wote mlikuwa wageni, mlimsitiri vizuri kama wageni. Mimi niliyemtukana ndiye wa kwao," halafu akaniuliza na wewe watani wako kina nani, nikasema hatuna huku, akasema basi tuutengeneze utani, tuanze leo, wewe una pua kama mlango wa zizi, nikasema mimi sikuja Unyamwezi kwa mizaha. Nilisema hivyo. Na kweli sikuja kwa mizaha... "Laza kichwa upande huu, nimemaliza nusu," mzee Abasi anapulizia nywele shingoni, na kwenye kioo naona mtu wa nusu mbili, upande mmoja mweupe kidogo, unang'aa, upande mwingine bado ni mimi, na mama alikufa lini?

Siku gani, Lazaro hakujua siku, alisema mvua zilikuwa zimeanza, basi, na mvua za kwetu zinaanza mapema, kwa hiyo inaweza kuwa siku yoyote, inaweza kuwa siku ile ya Urambo nilipohubiri juu ya ufufuo mbele ya wakulima wa tumbaku nikaona naongea vizuri kuliko siku zote, nikafurahi, nikatembea kurudi stesheni nikipiga mluzi, inaweza kuwa siku bibi Mwanamkuu aliponipa matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa mara ya kwanza, nikadhani ni vipande vya ngozi, akanicheka, nikacheka naye, inaweza kuwa Jumapili niliyolala mpaka jua likawa kali, hakuna siku hata moja tangu mvua ambayo naweza kuitoa na kusema hii si yenyewe, zote zimeguswa, kila siku niliyocheka wanawake wa Masoko wanalia nyuma yake, wanaume wamechinja ng'ombe, mvua inanyesha kwenye migomba, na mimi napiga mluzi... "Mwalimu!" ni Ngollo, amekuja mpaka karibu, namwona kwenye ufa wa kioo, jicho moja upande huu na jingine upande ule, "Siku utakayofia hapa, tutakuzika kimya kimya kama tunaficha kitu. Hakuna wa kukutukana. Huoni hatari hiyo?", "Ngollo!", Omari amekasirika sasa, "huyo ni mtu wa Mungu," na Ngollo anasema najua ni mtu wa Mungu, nauliza ni mtu wa nani mwingine.

Na mimi sijui neno limetoka wapi, sikulipanga, shingo imeinama, wembe uko juu ya sikio la kushoto, nasikia sauti yangu inasema, "Mnyamwezi gani wewe. Babu yako alibeba pembe hadi Bagamoyo, wewe mzigo uliowahi kuubeba ni tumbo lako, na hata hilo unalitua kwenye benchi la kila kinyozi," na cherehani imesimama, mzee Abasi ameinua wembe, nadhani nimekosea, nadhani nimemvunjia mtu heshima mbele ya wazee... kisha Ngollo anapiga makofi, mara moja, kwa nguvu, "Eee! Kasema! Wazee, mmesikia? Kanitukana! Huyu ndizi kanitukana tumbo!", na anacheka kicheko ambacho kinamfanya Omari acheke, na mzee Abasi anapangusa macho kwa mkono wenye sabuni, anasema, "Mashahidi tupo," na mimi nacheka, kwenye kioo nyusi zinazokutana zinacheka, si haramu, hakuna mtu Masoko anayelia zaidi kwa sababu nimecheka, au kama wanalia basi ndivyo kilio na kicheko vinavyokaa nyumba moja, yule mtu wa genge alilijua hilo, ameshika magoti, mimi nikaenda kusali mbali.

"Haya," anasema Ngollo, ameinama, sauti imeshuka, asali na jasho, uso wake karibu na bega langu, "sasa mimi ni mtani wako, wazee hawa wanaweza kuona aibu kukuuliza, mimi sina aibu. Mtu hanyoi chote kwa sababu ya joto. Nani?"

Nami natazama Malkia kwenye kalenda, ukingo wa shuka, nywele zangu chini, na nangoja kile kilio kije kinibebe mpaka kwenye treni, nakingoja, kinakuja hadi kooni na kinakaa hapo, kizito, kama mtu aliyekaribishwa ndani, hakinisukumi popote, na nasema, "Tupokigwe. Tupokigwe binti Mwasomola. Mama yangu," mara ya kwanza jina hilo linasemwa Tabora, na mzee Abasi anasema inna lillahi kwa sauti ndogo, kiganja chake chenye maji kimekaa juu ya upande ulionyolewa, hakiondoi, na Ngollo hasemi pole, anakuna shingo, anafikiri, anauliza, "Alikuwa mkali?"

Mkali, nasema, mkali sana.

"Mfupi?", mfupi, alikuwa anapanda kwenye kinu kutufikia kutupiga, "Kwenye kinu!", kwenye kinu kilichogeuzwa, nasema, na kabla hajapanda alikuwa anasema ngojeni hapo hapo, na sisi tulikuwa tunangoja, Ambokile na Subilaga na mimi, tumesimama, mzee Abasi ananigeuza kichwa taratibu, "Inama, Yoramu," wembe unaendelea upande wa pili, na mimi naendelea kumweleza.