Nani Alimpaka Tope?

"Kosa ni langu," Mwalimu Eliakim Wekoye aliliambia Darasa la Sita, chaki imekaa juu ya sikio kama sigara. "Mwezi mzima nawapa miaka, na nyinyi na miaka ni kama kuku na sabuni. Sasa tutumie rika za kutahiriwa. Reli ilifika Kitale wakati wa rika gani?"

"Kinyikeu!" darasa likanguruma.

"Wazungu wa mashamba?"

"Kananachi!"

Eliakim alishika kichwa. Kumbe wanajua! Mambo ya nani alitahiriwa na nani, hata aliyesinzia pale nyuma hakosei.

Inspekta wa shule, mzungu, alifika kutoka Kitale saa nne, soksi zimepanda mpaka magotini. Ilikuwa 1953, Imajensi ya Mau Mau imepamba moto. Muhula uliopita shule moja upande wa Lwakhakha ilifungwa, ati inanuka Msambwa, ile dini ya kuwaambia wazungu warudi kwao. Mwalimu wake sasa alikuwa anachunga ng'ombe za baba mkwe. Ndiyo maana Rispah, mkewe Eliakim, alikuwa amemwonya asubuhi: "Baba Wilkista, leo acha mizaha. Sema vile kitabu inasema."

Kitabu kilisema kabla ya mzungu, Trans-Nzoia yote, Kitale ikiwamo, ilikuwa nchi tupu.

"Wewe." Inspekta alimnyooshea kidole Mukhisa, mwanafunzi mkubwa aliyeanza kuota ndevu. "Zamani, mbele ya mzungu, nani kaa Kitale?"

"Hakuna mtu, bwana."

Eliakim akashusha pumzi. Inspekta akatabasamu. Si angeachia hapo tu! Lakini Mukhisa akakuna kidevu.

"Isipokuwa babu."

"Kaa chini, Mukhisa."

"Si ni wewe mwarimu umesema tutumie rika? Babu ni Kikwameti. Kikwameti ilitangulia Kananachi. Na alitahiriwa huko Sabwani karibu na Kitale, kando ya mto, mahali sasa ni shamba ya mzungu." Akamgeukia Inspekta kwa adabu, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Bwana, asubuhi ya kisu mtu hupakwa tope mtoni. Hajipaki mwenyewe. Kama ilikuwa tupu, nani alimpaka?"

"Na waimbaji?" Nekesa akauliza.

"Na wenye kupika pombe ya busaa?" mwingine akadakia.

Nchi tupu ikaanza kujaa watu. Eliakim alitamani kuwatwanga wote. Mwezi mzima mabubu, leo wote maprofesa!

Uso wa Inspekta ulikuwa mwekundu kama nyanya. "Mwalimu! Andika pale: hapana mtu. Sasa hivi. Ama hii shule nafunga."

Eliakim aliandika, *Hakukuwa na*. Mkono ukagoma. Akageuka, akamnyooshea mzungu ile chaki.

"Bwana Inspekta, nisaidie jina la aliyempaka babu tope. Hilo moja tu, bwana. Niliandike kwanza, ndipo nilifute."

Nje ng'ombe ya mtu ilikuwa inajikuna kwenye ukuta wa shule, ukuta unatikisika kidogo kidogo. Chaki ilibaki hewani.