Chuma Alichogongelea Musyoka

Katika ukame wa Kyuso maji hayamwagwi ovyo. Hata ya kunawa mikono yana wenyewe. Lakini Kalekye, muuguzi wa zahanati, kwa miezi saba alikuwa akibeba ndoo nzima kila asubuhi kwenda kukimwagia chuma. Mbuzi wakimkodolea macho kwa kiu, anawaambia wavumilie.

Aliyemwagiza hivyo ni Musyoka, mdogo wake, fundi wa stima mwenye leseni. Kalekye alimlea mgongoni, mama yao akiwa shambani. Kwa hiyo aliponunua gari dogo la umeme la kuwafikia wajawazito, hakutafuta fundi mwingine. Kanuni inataka chaja ya nyumbani iwe na waya wake peke yake, swichi ya kukata umeme ukivuja, na chuma kizima kigongelewe ardhini, ili umeme uliopotea upate njia.

"Udongo wetu ni mkavu, dada," Musyoka alimwambia. "Wewe mwagilia chuma kila siku, earth itashika tu, umeme uende ardhini."

Siku ya kupima, Musyoka alimimina madebe mawili ya maji ya chumvi pale kwenye chuma, kipimo kikakubali, akatia sahihi fomu. Kalekye alimchinjia kuku.

Juzi mama yao alishika mlango wa gari likiwa kwenye chaja. Umeme ukamtupa chini, na swichi haikukata. Yu hai, ila mkono wa kulia unatetemeka na kijiko hakikai.

Kalekye akachukua jembe. Hakuchimba sana. Chuma kilichopaswa kumfika kifuani kilitoka kifupi kama mwiko, kimekatwa kwa msumeno. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikaa mgongoni kabisa! Akapiga simu.

"Musyoka, nimechimbua chuma chako."

"Dada, hapo chini ni mawe matupu. Nilikata, nusu nikaenda nayo kazi ingine mjini Mwingi."

"Na swichi?"

"Hiyo ni ya kawaida tu. Ile ya kukata umeme ukivuja ilikuwa haipatikani madukani."

"Wateja wako wote huwa unawafanyia hivi?"

"Aa, hapana!" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa. "Hao huleta mtu wao kuhakikisha. Wewe nilijua hutaangalia."

Kalekye alikata simu, akatafuta namba ya ofisi iliyompa Musyoka leseni.